Vibano vya bipola kwa uvimbe wa ubongo wenye damu nyingi: tathmini kwa thieta za Kisumu, Nakuru na Magharibi

Hospitali ikipata pesa za kifaa kimoja tu kwa ajili ya uvimbe wa ubongo wenye mishipa mingi ya damu, inunue vibano vizuri vya bipola, yaani vya umeme wa ncha mbili vya kufungia mishipa inayovuja. Mashine mpya yenye skrini ya kugusa inaweza kungoja. Dayathemi ya kawaida ya thieta, yaani mashine ya umeme ya kukatia na kuchomea mishipa, huwa tayari na tundu la bipola, na umeme unaotoka humo unatosha kazi hii. Kinachokosekana mara nyingi ni vibano vyenyewe: vitatu au vinne vyenye ncha zisizonata, waya zinazoingia bila kulegea, na mtu wa kudondosha maji. Tumevipima hapa kwa kazi ya uvimbe unaovuja damu, tukizingatia hali ya Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kisii na miji jirani nchini Kenya, ambako stima hupotea, damu ya benki huadimika na kifaa kimoja hulazimika kudumu miaka.

Bipola hupitisha umeme kati ya ncha mbili za kibano, basi. Mshipa ulio katikati hupata joto, kuta zake husinyaa na kushikana, damu inasimama. Monopola, ile kalamu ya kukatia, hupitisha umeme mwilini hadi kwenye bamba lililobandikwa pajani. Ikigusa karibu na ubongo, joto husambaa mpaka pale usipopaona. Kalamu ikomee kwenye ngozi, misuli na mfupa. Kuanzia dura, utando mgumu unaofunika ubongo, kwenda ndani ni bipola peke yake.

Kazi hii ina historia yake. Tarehe 1 Oktoba 1926, mjini Boston, Harvey Cushing alitumia mashine ya umeme ya William Bovie kuondoa uvimbe wa fuvu ambao siku chache kabla ulikuwa umemlazimu kuahirisha upasuaji kwa sababu ya damu. Mashine hiyo ilikuwa ya ncha moja. James Greenwood alieleza njia ya ncha mbili mwaka 1940, na katika miaka ya 1950 Leonard Malis akaunda mashine ya bipola iliyoenea katika upasuaji wa ubongo. Tangu hapo umeme umeboreshwa mara nyingi, lakini mkono unafanya yale yale.

Tuanze na ncha, kwa kuwa ndizo zinazoamua kila kitu. Kibano kiwe na umbo la beneti, yaani kimepindwa katikati ili vidole visizibe mwanga wa hadubini. Urefu wa sentimita 20 unatosha uvimbe ulio juu juu. Kwa serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma) na chini ya fuvu tafuta cha 22 hadi 25. Upana wa ncha ni jambo jingine. Ncha ya milimita 1.5 au 2 ndiyo ya dura na ya kusinyaza ganda la uvimbe. Ncha ya nusu milimita hadi 1 ni ya mishipa midogo iliyo karibu na ubongo au neva. Anayenunua ncha nyembamba tupu kwa kudhani ndizo za kitaalamu zaidi atapata taabu kwenye meninjioma, uvimbe wa tando za ubongo: ncha nyembamba hutoboa mshipa mnene badala ya kuufunga.

Kabla ya kutumia, kishike kibano kwenye mwanga na ukibane polepole. Ncha zikutane mbele kwanza, sambamba. Zikipishana kama mkasi, au zikikutana nyuma na kuacha uwazi mbele, umeme utapita pale chuma kinapogusana na mshipa hautapata chochote. Watu wengi wakiona hivyo huongeza wati. Hapo ndipo ubaya unapoanzia, kwa maana tatizo ni chuma kilichopinda na wati hazikinyooshi. Kagua pia ile ngozi ya plastiki inayofunika miguu ya kibano. Ufa mdogo tu, hata usiozidi punje ya mchele, unaweza kuchoma ubongo sentimita 3 juu ya mahali unapotazama.

Kuhusu namba, anza na wati 10 hadi 15 karibu na ubongo na neva, na 25 hadi 30 kwenye dura. Ni mahali pa kuanzia tu. Wati 20 za dayathemi moja hazifanani na za nyingine, na mashine nyingine huonyesha namba za kwake ambazo si wati. Macho ndiyo yaamue. Mshipa uliofungwa vizuri hugeuka kutoka wekundu kuwa mweupe uliokunjamana. Ukigeuka mweusi na kutoa moshi umeunguzwa, na ule mkaa utashikamana na ncha. Ukiondoa kibano unaondoka nao, na damu inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Namna ya kuepuka hilo: ncha zisigusane kabisa, ziache kanafasi kadogo, kanyaga pedeli kwa sekunde moja, achia, sogeza, kanyaga tena, na maji ya chumvi yadondoke mfululizo, tone kwa tone, si kumwagwa. Mahali pakikauka ncha hunata. Pakijaa maji, umeme hupotelea majini na mshipa haupati joto. Kibano chenye mrija wake wa maji ni kizuri, ila mrija ule huziba kwa urahisi. Bomba la sindano la mililita 20 lenye kateta laini mkononi mwa msaidizi linafanya kazi hiyo hiyo vizuri, na tunalipendelea kwa kuwa linafuata jicho la mtu.

Sasa uvimbe wenyewe. Meninjioma ndiyo itakayofika thieta mara nyingi. Huota kwenye tando za ubongo na kwa kawaida hulishwa kutoka upande wa dura, hasa na ateri ya katikati ya dura inayotokana na karotidi ya nje, mshipa mkubwa wa shingoni. Hapo bipola inaonyesha thamani yake yote. Anayeanza kwa kuchimba katikati ya uvimbe hali mzizi bado unanywa damu atavuja kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Utaratibu unaofaa ni kushambulia mzizi kwanza. Funga ile ateri mapema mfupa unapoinuliwa, paka nta matundu ya mfupa yanayovuja, tunga nyuzi za kuinulia dura pembeni mwa mfupa. Kisha pitisha kibano cha ncha pana kwenye kitako cha uvimbe kwa vipande vya nusu sentimita: choma, kata, mwagilia, choma tena. Kitako kikishakatwa, uvimbe hubadilika rangi na kulegea, na hapo ndipo unaingia ndani kuupunguza, kwa mashine ya mawimbi ya sauti ya kuvunjavunja uvimbe ikiwepo, au kwa mkasi na mrija wa kufyonza. Mwisho ganda linakunjwa kuelekea ndani, mbali na ubongo. Mishipa inayotoka kwenye ubongo na kuingia kwenye ganda ichomwe ikiwa imegusana na uvimbe kabisa. Ile inayopita kando kuelekea kwingine, hata kama imeshikamana na ganda, iachwe. Ukiifunga, mgonjwa ataamka na mkono au mguu usiosogea.

Uvimbe uliokaa kwenye ncha ya bawa la mfupa wa sfenoidi, nyuma ya jicho, au juu ya kichwa pembeni hufuata utaratibu huo bila shida kubwa. Chini ya fuvu ni tofauti: mzizi uko mbali, nyuma ya uvimbe, na huwezi kuufikia kabla ya kupunguza ukubwa. Hapo unafanya kwa zamu, unachimba kidogo, unachoma kitako kidogo, unarudi kuchimba. Uvimbe wa namna hii ndio unaofaa kuzibwa mishipa kwanza na wataalamu wa kateta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa), kwa chembechembe za mikromita 150 hadi 250, halafu upasuaji ufuate ndani ya wiki. Kwa mgonjwa wa Magharibi hilo kwa kawaida ni safari ya Nairobi, kwa hiyo tarehe mbili zipangwe pamoja. Kuziba mishipa nako kuna hatari zake: ateri ya dura huweza kuungana na ateri ya jicho, na chembe zikivuka huko mtu hupofuka. Kwa uvimbe ulio juu juu, ambao mzizi wake unafikiwa nusu saa baada ya kuinua mfupa, hatuoni sababu ya safari hiyo.

Hemanjioblastoma, uvimbe uliojaa mishipa midogo ya damu, inataka heshima ya pekee. Hupenda serebelamu, mara nyingi ni nundu dogo jekundu pembeni mwa fuko la maji. Usikate kipande cha kupima. Usiuchimbe ndani. Ukiuingilia katikati, damu inatoka kila upande na bipola haipati pa kushika. Unatolewa mzima: zungukia nje, funga ateri zinazoingia moja baada ya nyingine, na uache vena kubwa inayotoa damu hadi mwisho kabisa. Shida ni kwamba vena hiyo nayo ni nyekundu kama ateri, kwa sababu damu inapita humo haraka. Ukisita, weka klipu ya muda. Uvimbe ukilegea, ulichoshika ni ateri. Ukivimba na kukaza, toa klipu papo hapo, hiyo ni vena. Ncha pana kwa wati kidogo, ikipapaswa juu ya nundu pamoja na maji, husinyaza ganda na kukupa nafasi ya kuzunguka. Ukuta wa fuko la maji hauondolewi. Uvimbe wenyewe ni lile nundu.

Bipola ina mipaka, na hapa hatuisifu. Ateri inayozidi milimita 2 au 3 ifungwe kwa klipu, au ichomwe kwa urefu wa milimita kadhaa kabla ya kukatwa, na ikatwe nusu kwanza uone. Mishipa ya ndani ya uvimbe mkali wa saratani haina misuli ya kutosha kwenye kuta, haisinyai ukiichoma, inapasuka. Dawa yake ni pamba, maji ya uvuguvugu na subira ya dakika kadhaa huku ukifanya kazi upande mwingine. Na tundu la sinasi, ule mfereji mkubwa wa vena juu ya ubongo, lisiguswe na bipola hata kidogo. Ukuta wake ukipata joto hujikunja na tundu huwa kubwa zaidi. Weka sponji ya jelatini, juu yake pamba yenye uzi, bonyeza kwa upole, kisha shona. Kichwa kikiwa kimeinuliwa mno, damu itakoma lakini hewa itaingia kwenye vena na kwenda moyoni, kwa hiyo mtu wa dawa ya usingizi aambiwe mara sinasi inapofunguka.

Sponji, nta na kitambaa cha selulosi iliyooksidishwa ni wasaidizi wa lazima. Sponji na selulosi huvimba zikilowa. Zikiachwa nyingi karibu na neva zitaibana. Selulosi ina asidi inayoua nguvu ya thrombini, dawa ya kugandisha damu, kwa hiyo usivichanganye. Nta ipakwe kwa uchache kwani huzuia mfupa kuunga. Gundi ya fibrini ni ya kuziba dura; haisimamishi ateri.

Kuna damu ambayo kibano hakitaisimamisha hata kiwe cha bei gani: ile inayochuruzika polepole kila mahali, kwenye ngozi, mfupa na ubongo kwa pamoja. Ukiiona, weka kibano chini na umtazame mgonjwa alivyolala mezani. Shingo imekunjwa ikaziba vena? Tumbo limebanwa kwa mgonjwa aliyelala kifudifudi? Kabonidioksidi imepanda? Joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 36? Kichwa kikae nyuzi 15 hadi 30 juu ya moyo, na kati ya kidevu na kifua ibaki nafasi ya vidole viwili. Vyote vikiwa sawa, basi damu yenyewe imechoka kuganda na inahitaji plazma (maji ya damu), chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, na kalisiamu.

Ndiyo maana tathmini ya kibano haiwezi kuachana na jokofu la damu. Mtu mzima wa kilo 60 ana takriban lita 4.2 za damu. Mtoto wa kilo 8 ana mililita 640 hivi, na watoto wadogo ndio wanaopata uvimbe wa koroidi pleksasi, tishu inayotengeneza maji ya ubongo, unaovuja vibaya. Akipoteza mililita 160 robo ya damu yake imekwenda, nayo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Kwa huyo, kila pamba ipimwe uzito na maji ya kusafishia yahesabiwe kwenye chupa ya sakshen, ile ya mrija wa kufyonza. Kwa meninjioma kubwa ya mtu mzima, painti 4 zilizolinganishwa na damu ya mgonjwa ziwe ndani ya hospitali yenyewe, si ahadi ya simu kutoka kituo cha damu cha mkoa, hata kama kituo kiko mji huo huo wa Kisumu, Nakuru au Eldoret. Wachangiaji wakubwa wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari, hivyo akiba hupungua shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba. Upasuaji unaoweza kungoja usipangwe katikati ya likizo, na familia iambiwe mapema ilete wachangiaji.

Ukanda wa ziwa una mambo yake mawili zaidi. Malaria hushusha chembe sahani, kwa hiyo kipimo cha malaria na hesabu ya damu vifanywe upya karibu na siku ya upasuaji, na chembe sahani ziwe zaidi ya 100,000 kwa kila mikrolita ya damu. Selimundu nayo ipimwe kwa yeyote asiyejua hali yake, kwani baridi, ukosefu wa maji na upungufu wa oksijeni mezani humdhuru mwenye selimundu. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10 kabla ya kupasua kwa mtu mzima, ni nafuu na inastahili kufikiriwa, isipokuwa kwa mwenye historia ya damu kuganda miguuni au mapafuni, na kwa tahadhari kwa mwenye kifafa.

Stima ikipotea, dayathemi huzima na mara nyingi huwaka ikiwa imerudi kwenye namba ya kiwandani. Nesi azoee kuisoma tena kwa sauti kabla ya pedeli kukanyagwa. Maeneo ya Kisii na Kakamega yanajulikana kwa radi, kwa hiyo mashine ipitie betri ya akiba yenye kinga ya umeme wa ghafla, maana jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika na ateri haingoji. Pamba za kubonyezea na klipu ziwe zimefunguliwa tayari kwa sekunde hizo.

Usafi wa ncha ndio hutofautisha kibano cha miaka mitano na cha miezi mitatu. Ndani ya thieta viwe angalau viwili kwa zamu: kimoja kwa daktari, kingine kwa nesi akikifuta kwa kitambaa laini kilicholowa. Mkaa haukwanguliwi kwa wembe wala sandipepa. Kila mkwaruzo unakuwa mahali papya pa kunata. Baada ya kazi, loweka mara moja kwenye sabuni ya enzaimu, brashi laini, suuza kwa maji yaliyosafishwa. Maji ya visima vya Nakuru yana chumvi na floraidi, na yakikaukia kwenye chuma huacha utando mweupe. Kausha, kofia ya kinga kwenye ncha, halafu otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) kwa joto na muda aliouandika mtengenezaji. Vile vya kutumia mara moja havirudishwi otoklevu: ngozi ya plastiki hulainika na kupasuka bila kuonekana.

Kwenye kununua, kuna mtego mmoja unaokamata kaunti nyingi. Vibano vya Ulaya huja na plagi bapa, vya Marekani na pini mbili, na waya wa kimoja hauingii kwenye kingine. Peleka waya wako wa zamani dukani, au andika kwenye zabuni aina ya plagi, jina la dayathemi na waya mbili za akiba kwa kila kibano. Halafu mtake muuzaji akijaribu mbele yako. Nunua maini freshi buchari asubuhi hiyo, yalowe maji ya chumvi, weka wati 20 na uchome mara 30 mfululizo mahali tofauti bila kufuta ncha. Kibano kizuri kitaacha madoa meupe yaliyo sawa na kuachia maini bila kuvuta. Kikianza kunata kabla ya mara ya kumi, mrudishie.